Meki Yako Ina Kazi Gani? Kugawa Majukumu Kwenye Meza ya BattleTech

Mtu akija mara ya kwanza kwenye meza yetu nikamtandazia karatasi za meki, maroboti ya vita ya mchezo huu, achague, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye Atlas. Simlaumu. Ina tani 100, kichwa kimechongwa mfano wa fuvu la mtu, na kwenye hadithi ya mchezo jemadari Aleksandr Kerensky aliagiza iundwe hivyo makusudi ili adui aanze kuogopa kabla hajapigwa. Mpwa wangu akinyimwa Atlas mpaka leo hununa. Lakini raundi ya nne ikifika ndiyo utamsikia: "Mjomba, mbona hili dude halifiki popote?"

Halifiki kwa sababu kufika si kazi yake. Hilo ndilo nataka tuliongelee.

Kwa mgeni wa mambo haya: BattleTech ni mchezo wa mezani wa Kimarekani. Ulitolewa mwaka 1984 na kampuni ya FASA ya Chicago kwa jina la BattleDroids, mwaka uliofuata ukabadilishwa jina kwa sababu ya madai ya kampuni ya Lucasfilm juu ya neno hilo "droids". Unaendesha meki, yaani roboti la vita lenye rubani ndani yake, juu ya ramani yenye vyumba vya pembesita. Chumba kimoja ni meta 30, raundi moja ni sekunde 10, na kila risasi inaamuliwa kwa dadu mbili. Sisi tunacheza na karatasi za mwaka 3025 wa hadithi, kabla silaha hazijawa nyingi za kuchanganya akili. Kila upande unatoa meki nne. Kikosi cha namna hiyo huitwa lansi.

Vifaa havinisumbui kwa kuwa nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Ramani nachapa kwenye A3 na kuziunga kwa gundi, karatasi za meki nazipiga laminesheni ili alama za kalamu zifutike, na meki zenyewe ni vizibo vya soda vilivyochorwa mshale kwa rangi ya kucha. Mshale usiuache. Bila kujua meki imeelekea wapi hakuna mchezo, maana kila meki mgongo wake ni mwembamba kuliko kifua.

Soma karatasi kuanzia kwenye mwendo

Tani ziache mwisho kabisa. Anza na mwendo, ambao wachezaji huuandika kwa tarakimu tatu: 7/11/5 maana yake inatembea 7, inakimbia 11, inaruka kwa roketi zake vyumba 5. Halafu tazama masafa ya silaha kubwa. Halafu hesabu joto. Deraya, yaani chuma cha kujikinga, ndiyo inafuata, na tani ukipenda.

Ukibisha, weka Spider na UrbanMech mezani bega kwa bega. Zote mbili ni tani 30. Spider SDR-5V inakwenda 8/12/8 na ina leza mbili za kati (yaani za ukubwa wa kati), basi. UrbanMech UM-R60 inakwenda 2/3/2, inajikokota, lakini imebeba mzinga wa AC/10 unaotoa pointi 10 za madhara kwa pigo moja na kufika vyumba 15. Uzito mmoja, kazi hazikutani hata kidogo. Ukiituma UrbanMech ikapeleleze, mchezo utaisha haijavuka mto. Ukiiweka Spider ilinde kona ya mtaa, itavunjwa miguu palepale iliposimama.

Hesabu ya kulenga nayo ijue kwa kichwa, maana majukumu yote yanazaliwa humo. Rubani wa kawaida anaanza na 4. Ongeza 1 ukitembea, 2 ukikimbia, 3 ukiruka. Masafa ya karibu hayaongezi kitu, ya kati yanaongeza 2, ya mbali 4. Adui aliyesogea vyumba 3 au 4 anaongeza 1, vyumba 5 au 6 anaongeza 2, kuanzia 7 hadi 9 anaongeza 3, kuanzia 10 hadi 17 anaongeza 4, na kama ameruka weka 1 nyingine juu yake. Msitu mwepesi 1, msitu mzito 2. Jumla yake ndiyo unayotakiwa kuifikia au kuipita kwa dadu.

Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa njia 36. Kupata 7 au zaidi kuna njia 21. Kupata 9 au zaidi, njia 10 tu. Kupata 11 au zaidi, njia 3. Kwa hiyo anayekutoa kwenye 7 akakupeleka kwenye 9 amekunyang'anya zaidi ya nusu ya risasi zako bila kufyatua hata moja. Kila kazi nitakayoitaja hapa ni namna fulani ya kuishusha namba yako na kuipandisha ya mwenzako. Wengine wanafanya hivyo kwa miguu, wengine kwa umbali, wengine hawana ujanja huo kwa hiyo wamevaa chuma kingi.

Joto ndilo linalowaangusha wageni. Kila silaha ina joto lake, kutembea kunaongeza 1, kukimbia 2, kuruka 1 kwa kila chumba na haipungui 3. Kila kipoozeo kinaondoa 1 kwa raundi. Likibaki 5, unapoteza chumba kimoja cha mwendo. Likibaki 8, kulenga kunakuwa kugumu kwa 1. Kuanzia 14 unarusha dadu kuona kama mashine itazima yenyewe, na likifika 30 inazima bila mjadala.

Mshambuliaji wa mgongoni

Nianze na kazi ninayoipenda kuliko zote, na mfano wake ni Jenner JR7-D, mashine ya tani 35 ambayo kwenye hadithi inahusishwa sana na ukoo wa kitawala wa Kurita. Mwendo wake ni ule wa 7/11/5. Ina leza nne za kati mikononi, kila moja pointi 5 za madhara na joto 3, na kirusha makombora madogo cha SRM 4 kifuani. Vipoozeo 10. Sasa piga hesabu: ikikimbia ni joto 2, leza nne ni 12, jumla 14, toa 10, linabaki 4. Bado chini ya 5, kwa hiyo haijapoteza kitu. Ukiongeza na SRM, joto linafika 7 na raundi inayofuata umepungua chumba kimoja. Ukiruka vyumba vyote 5 na kufyatua kila kitu, linabaki 10: mwendo umepungua 2, shabaha imepungua 1, na uko katikati ya maadui. Aliyeichora mashine hii alitaka ikimbie na kupiga leza. SRM ni ya siku umesimama.

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye bingwa wa Jenner hapa kwetu. Jioni moja alikuwa nayo nyuma ya kilima, na Archer yake, meki ya kurusha makombora ya mbali, iko kule ukingoni mwa ramani. Mpwa wangu akatembeza Atlas vyumba 3 kuifuata ile Archer. Fundi alikuwa wa mwisho kusogeza. Akaitoa Jenner, ikakimbia vyumba 7, pointi zilizobaki zikaishia kwenye kugeuka, ikasimama vyumba viwili nyuma ya Atlas, inatazama mgongo. Namba yake: 4, kukimbia 2, masafa ya karibu sifuri, Atlas imesogea vyumba 3 kwa hiyo 1. Saba. Leza nne, zikaingia tatu: moja mkono wa kushoto, mbili ubavu wa kushoto kwa nyuma. Ubavu wa Atlas kwa mbele una deraya 32. Kwa nyuma una 10. Kumi ikaisha yote.

Atlas hiyo, ya aina ya AS7-D, si mjinga, ina leza mbili za kati zinazotazama nyuma, na mpwa wangu akazifyatua. Namba yake ilikuwa 8 kwa sababu Jenner ilisogea vyumba 7. Zote zikapita pembeni. Akacheka: "Fundi, umenikuna tu."

Fundi hakujibu, akamwachia raundi iliyofuata imjibu. Ndani ya ubavu ule wa kushoto ndimo yanamokaa makombora ya LRM (yale ya masafa marefu) na SRM, na sasa mlango uko wazi. Mpwa wangu akaamua kugeuka. Kugeuka pembe moja ni pointi 1 ya mwendo. Kugeuka nyuma kabisa ni pembe tatu, na Atlas inatembea 3. Yaani mwendo wake wote umeishia kugeuka hapohapo, haijasogea chumba hata kimoja, na mgongo wake sasa unaitazama Archer. Namba ya Archer iliyosimama, kwa masafa ya kati, shabaha isiyosogea: 6. Njia 26 kati ya 36, kwa virusha viwili vya LRM 20, kwenye mgongo uliokwishachanwa.

Hiyo ndiyo kazi ya mshambuliaji. Leza zake peke yake haziiui Atlas kwa raundi moja, na hazikukusudiwa kuiua. Amemlazimisha mwenye tani 100 achague kati ya vitu viwili vibaya, halafu yeye akakimbilia nyuma ya kilima kingine. Ukibaki raundi ya pili kutazama matokeo, teke moja la Atlas ni pointi 20, na Jenner yako itaanza kutafutiwa vipande.

Mpelelezi na mrusha makombora ni mume na mke

Wageni hupenda kuwatenganisha hawa. Locust LCT-1V, tani 20, mwendo 8/12, ina leza moja ya kati na bunduki mbili za rashasha; ukiitazama kama silaha ni ya kuhurumiwa. Itazame kama jicho. Makombora ya LRM yanaweza kufyatuliwa juu ya kilima kwa adui ambaye mfyatuaji hamwoni, ilimradi kuna mwenzake anayemwona. Hapo unaongeza 1 kwa kufyatua bila kuona, na unaongeza pia mwendo wa yule anayetazama: 1 kama ametembea, 2 kama amekimbia. Akifyatua na yeye mwenyewe raundi hiyo, hesabu inazidi 1 tena.

Sasa ona uzuri wa Locust. Kutembea tu inakwenda 8. Ikitembea vyumba 7 kwa mstari, adui anayeilenga anaongezewa 3, ulinzi ambao meki nyingi zinaupata kwa kukimbia tena kwa mbinde, na wakati huohuo yule mwenzake mwenye makombora anatozwa 1 tu. Kwa hiyo sheria yangu kwa mwenye Locust ni fupi: tembea, tazama, mkono usiguse leza. Nimeona watu wazima wakishindwa kuitii. Wanaona mgongo wa adui, wanafyatua leza moja ya pointi 5, na Archer yao inakosa makombora 40.

Archer ARC-2R ni tani 70, mwendo 4/6, ina LRM 20 mbili na leza nne za kati, mbili zikitazama nyuma. Virusha viwili vinatoa joto 12, vipoozeo viko 10, kwa hiyo ukisimama unabaki na 2 kila raundi na ukitembea 3. Kila mara chache punguza kirusha kimoja ipumue. Inabeba makombora ya kufyatua mara 12 kwa kila kirusha, tosha kabisa kwa mchezo mmoja, usiyabanie.

Lakini usidanganyike na huko kufyatua juu ya kilima. Piga hesabu uone: 4, masafa ya kati 2, bila kuona 1, mtazamaji ametembea 1, adui amesogea vyumba 3 ongeza 1. Tisa. Njia 10 kati ya 36. Ni ya kusumbua, ya kumfanya adui asikae mahali pamoja akapanga mambo yake. Nafasi ya kumwona mwenyewe kwa macho ikipatikana bila kujianika, ichukue, utakuwa kwenye 7.

Na mlinde asikaribiwe. LRM zina umbali wa chini wa vyumba 6: kwenye chumba cha 6 unaongeza 1, cha 5 unaongeza 2, ukikutana na mtu uso kwa uso ni 6 nzima. Adui akifika hapo, Archer inabaki na leza mbili za mbele na mateke. Catapult CPLT-C1 inafanya kazi hiyohiyo kwa virusha vidogo kidogo, LRM 15 mbili, ila ina vipoozeo 15 na inaruka vyumba 4, na mimi kwa ramani yenye vilima vingi naichagua hiyo kuliko Archer. Ikiandamwa inapanda mwamba na kuondoka.

Mdunguaji anahesabu joto kuliko masafa

Mdunguaji ni yule anayepiga kutoka mbali kwa kumwona adui, pigo moja zito mahali pamoja, tofauti na makombora yanayotawanyika mwili mzima. Silaha yake kuu ni PPC, mzinga wa chembe za umeme: madhara 10, joto 10, unafika vyumba 18.

Awesome AWS-8Q inabeba mitatu. Tani 80, mwendo 3/5, vipoozeo 28. Ukisimama na kufyatua yote, joto 30 toa 28, linabaki 2. Ukitembea linabaki 3. Wachezaji wake wana mdundo wao: tatu, tatu, mbili. Raundi ya kwanza unatembea na kufyatua mitatu, joto 3. Ya pili vilevile, joto 6, umeshaanza kupungua mwendo. Ya tatu unafyatua miwili, joto linaingia 21 na kutoka 28, umerudi sifuri. Unaanza tena. Ni mashine yenye subira, na ndiyo maana mpwa wangu haiwezi. Akiona nafasi raundi ya tatu lazima afyatue mitatu.

Ukitaka kujua kwa nini nasema joto kwanza, ilinganishe na Rifleman RFL-3N. Kwa macho nayo ni mdunguaji: leza kubwa mbili, mizinga miwili ya AC/5, leza mbili za kati, mikono mirefu ya kutisha. Vipoozeo 10. Isimame tu bila kusogea, ifyatue leza kubwa na mizinga, tayari joto limebaki 8 na shabaha imeharibika. Ifyatue kila kitu, linabaki 14, unarusha dadu usizime. Deraya nayo ni pointi 120 tu kwa meki ya tani 60. Kama umeangukiwa nayo, raundi moja fyatua leza kubwa mbili, inayofuata mizinga miwili tu ipoe, na usiondoke msituni.

Jitu, mgomvi na mchokozi

Atlas sasa. Mwendo 3/5, deraya 304, mzinga wa AC/20 wenye madhara 20 kwa pigo moja lakini unaofika vyumba 9 tu. Kazi ya jitu ni kukalia mahali. Chagua daraja, kijiji, njia ya katikati ya vilima, mahali ambapo adui ni lazima apite kama anataka kushinda, ulipeleke huko tangu raundi ya kwanza. Kumfukuza mtu na Atlas ni kama kumfukuza bodaboda kwa trela. Mwache adui aje, na akija ndani ya vyumba 3 hakuna atakayeondoka salama: AC/20, makombora, leza, na teke juu yake.

Hunchback HBK-4G ni jitu la maskini, nami naipenda mno. Tani 50, mwendo 4/6, mzinga uleule wa AC/20 umebebwa begani upande wa kulia. Anayepata pointi 20 za madhara ndani ya raundi moja anarusha dadu asianguke chini, na pigo la mzinga huo likitua kichwani rubani amekwisha, kwa sababu kichwa kina deraya pointi 9 na mifupa ya ndani pointi 3. Kila mtu mezani anajua hivyo. Kwa hiyo Hunchback nusu ya kazi yake ni kuwepo tu mahali, nyuma ya jengo, ili wenzako wasithubutu kukatiza. Risasi za mzinga huo ni 10 tu. Ukiipitisha uwanja wazi kutafuta ugomvi, wote watalenga lile bega.

Mgomvi ni wa katikati: ana mwendo wa kutosha kwenda kwenye vita na chuma cha kutosha kukaa humo. Warhammer WHM-6R yenye PPC mbili ni mfano mzuri, tani 70, mwendo 4/6. Anaanza kupiga mbali, anakaribia taratibu, na akifika karibu ana leza, SRM 6 na rashasha. Hahitaji maelezo mengi. Hata akichezwa vibaya anafaa.

Mchokozi ndiye anayechanganyikiwa na mshambuliaji. Tofauti yao ni kwamba mshambuliaji anaingia na kutoka, mchokozi anazunguka pembeni muda wote bila kusimama. Phoenix Hawk PXH-1 inaruka vyumba 6: adui anaongezewa 2 kwa umbali na 1 kwa kuruka. Ikiruka yote na kufyatua leza kubwa peke yake joto linabaki 4. Ikiongeza leza mbili za kati linabaki 10. Unaona mwenyewe leza ipi ni ya kila raundi.

Mviziaji ni kama ile UrbanMech tuliyoianza nayo: iweke ndani ya mji kabla mchezo haujaanza, isahau, na mwache mwenzako aisahau pia.

Nani asogee kwanza

Majukumu yote hayo yanaharibika kama unasogeza vizibo ovyo. Kila raundi pande mbili zinarusha dadu, aliyeshindwa anasogeza meki moja kwanza, mwenzake moja, mpaka ziishe. Anayesogeza mwisho anaona kila mtu amesimama wapi. Kwa hiyo anza na zile ambazo adui akizijua hapati faida: Atlas kwenye daraja lake, Awesome kwenye kilima chake. Fuatisha mrusha makombora. Mpelelezi wa tatu. Jenner iwe ya mwisho siku zote.

Ukishindwa dadu za kusogeza, adui ana kizibo kimoja baada yako, na raundi hiyo mshambuliaji wako hana biashara mgongoni mwa mtu. Mrudishe nyuma ya kilima. Raundi mnayoshinda ndiyo ya kwenda. Fundi anaweza kungoja raundi tatu mfululizo bila kufyatua leza, huku watu wanamtania kwamba ameleta Jenner kuitembeza, na yeye anaendelea kunywa kahawa yake.

Kwa lansi ya meki nne ya mtu anayeanza, ningempa Locust, Jenner, Archer na Hunchback. Atapata jicho, mikono ya mbali, kisu cha mgongoni na kitu cha kukalia daraja. Wachezaji wengi hutaka mashine nne nzito. Nazo hupiga vizuri, ila hazina anayeona nyuma ya kilima, na ukiwa na Jenner moja dhidi ya wanne wasioweza kugeuka haraka, jioni yako ni nzuri sana.

Kazi ikibadilika katikati

Meki inapoumia, kazi yake inaweza kuisha kabla yenyewe haijafa, na wengi hawalioni hilo. Ubavu ukivunjika, mkono wa upande huo unaondoka nao. Hunchback ikipoteza ubavu wa kulia imepoteza AC/20 na mkono wa kulia kwa pamoja. Imebaki na leza ya kati kwenye mkono wa kushoto na leza ndogo kichwani. Usiiondoe mezani. Bado inatembea 4, na teke lake ni tani kugawa kwa 5, pointi 10, kwenye miguu tu, na anayepigwa teke anarusha dadu asianguke. Kulenga teke kunaanzia ustadi wa urubani, 5 kwa rubani wa kawaida, halafu unatoa 2. Ni rahisi kuliko silaha nyingi. Ipeleke ikasimame kifuani pa mrusha makombora wa adui, ndani ya umbali wake wa chini, ianze kumpiga miguu.